Mjomba, ninunue iliyo tayari au tuunge?

Ujumbe wa sauti uliingia saa tatu usiku, wa dakika nzima, na nusu yake ilikuwa salamu. "Shikamoo mjomba, habari za Makindye, mama anakusalimu, hapa Jinja sote wazima..." Ndipo akafika kwenye shida yake. Kamaliza S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, yuko vakasheni akisubiri chuo, na tangu mitihani iishe amekuwa akikaa kwenye kibanda cha mobile money cha rafiki wa mama yake. Akiba yake, ukijumlisha na alichoongezewa na baba yake, imefika shilingi za Uganda milioni tatu na nusu. Anataka kompyuta ya gemu, ya mezani, laptopu hataki hata kuisikia. "Sasa mjomba, ninunue iliyo tayari au tuunge wenyewe?"

Mama yetu ni mtu wa Tanga, na ingawa tumezaliwa Kampala, mambo ya nyumbani yalibaki ya kwao. Mjomba na mpwa huitana mjomba wote wawili. Nikamjibu, "Marahaba mjomba, nipe siku mbili."

Siku mbili zikawa wiki. Mimi nimekwisha kumiliki kompyuta tatu za gemu, moja mtumba wa ofisi, moja ya kiwandani, moja ya kuunga kwa mikono yangu, na kila moja ilinitia adabu kwa namna yake. Sikujua nianzie adabu ipi.

Ya kwanza niliinunua 2019 kwa shilingi 650,000. Boksi jeusi la ofisini kutoka Ulaya, ubavuni bado lina stika ya namba ya mali ya watu wasionijua. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni Core i5 ya kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 8. Nikaitia kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, GTX 1050 Ti, na hapo ndipo wengi wetu tulipoanzia, kwa sababu moja tu: kadi ile inakula wati 75, na wati 75 ndicho kipimo ambacho tundu la kadi kwenye mazabodi, bodi kuu ya kompyuta, linaweza kutoa bila waya wa ziada. Unachomeka, unafunga mfuniko, unacheza. Mwaka mzima nilizurura mitaa ya gemu ya GTA V na sikumwonea wivu mtu.

Kisha ikaja tamaa. Jamaa mmoja alikuwa anauza RX 580 kwa bei ya kutupa. Kadi hiyo inataka wati 185, na lazima iwe na waya wake wa umeme wa pini nane kutoka kwenye pawa saplai, boksi linalolisha kompyuta umeme. Yangu ilikuwa ya wati 290, haina waya huo, na nilipofungua nikakuta jambo jingine: mahali ambapo kompyuta za kawaida zina plagi pana ya pini 24 inayolisha mazabodi, hii ilikuwa na plagi fupi ya pini nane. Waliotengeneza waliamua hivyo kwa ajili ya ofisi zao, wala sikuwa nimo kwenye hesabu yao. Nikatafuta kiunganishi cha kubadilisha pini, nikapata, halafu nikanunua pawa saplai ya mtumba, ya wati 500 kwa maandishi. Nilirudi nayo kwenye boda, imo ndani ya kaveera jeusi, nimeipakata kama mtoto.

Nyuma yake palikuwa na kiswichi chekundu, kidogo kama ukucha, kimeandikwa 115. Nilikiona. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilikiona, nikadhani ni namba ya toleo.

Umeme wa Uganda ni volti 240. Kiswichi kile kikiwa kwenye 115, pawa saplai inaamini imechomekwa Marekani, na saketi yake ya ndani inauongeza umeme unaoingia mara mbili ili ufikie kiwango inachokihitaji. Ukiipa 240 ikiwa katika imani hiyo, kapasita zake mbili, ambazo kwa kawaida kila moja imeundwa kubeba kama volti 200, zinajikuta zinagawana karibu 680. Ulilia mlio kama wa tairi ya baiskeli inapopasuka, ukafuata moshi, kisha harufu ya samaki aliyeungulia kwenye plastiki. Nyumba nzima ilinuka hadi kesho yake.

Nilimpelekea fundi mmoja, mzee, mwenye meza yake ghorofa ya pili katika akedi moja nyuma ya Kampala Road, ambapo redio haizimwi na matangazo ya vifo hayaishi. Kiswahili alikipata kwa wateja wake Wakongo wanaokuja kununua mzigo. Aliichukua pawa saplai, akaisogeza puani, akainusa kama mama anayekagua maziwa.

"Ssebo, nyuma ulisoma?"

"Nilisoma, mzee."

"Ulisoma, ao uliangalia?"

Sikuwa na la kusema. Bahati ni kwamba mazabodi ilipona. RX 580 niliirudisha kwa mwenyewe, naye akanikata shilingi 40,000 za usumbufu.

Ya pili ilikuja 2021, na hapa naomba wanaopenda kusema kuunga mwenyewe ni nafuu siku zote wanyamaze kidogo. Mwaka ule kadi za grafiki zilikuwa hazishikiki. Chipu zilikuwa haba duniani, na wachimbaji wa Ethereum, sarafu ya mtandaoni, walikuwa wanabeba kadi kwa makumi. RTX 3060 ilitoka Februari 2021 ikiwa imetangazwa kwa dola 329, lakini kuipata kwa bei hiyo ilikuwa kama kuota. Waliokuwa nazo ni watengenezaji wa kompyuta nzima, kwa sababu wao huletewa kadi kwa mkataba. Kwa hiyo aliyetaka kadi alinunua kompyuta iliyoizunguka. Binamu yangu aliyekuwa anafanya kazi Dubai aliniletea moja. Kule volti ni sawa na zetu na hata plagi ya ukutani ni ileile ya miguu mitatu. Kwa jumla ilinigharimu shilingi milioni 5.2, nami niliona nimepata.

Sitaki kuisingizia. Miaka miwili haikunisumbua. Dosari niliyoiona mapema ni RAM: walikuwa wameweka kijiti kimoja cha GB 8, na prosesa za leo zina njia mbili za kuongea na RAM, kwa hiyo kijiti kimoja ni kama kufunga upande mmoja wa barabara. Nilipoongeza cha pili, gemu zilizokuwa zinakatakata zikatulia. Watu wengi wanaodhani kompyuta yao ya dukani ni nzito wana maradhi hayo tu.

Halafu ikaja mvua ya jioni moja ya Aprili 2023. Umeme ukaenda, ukarudi. Ukaenda, ukarudi. Mara ya tatu ulirudi kwa nguvu hata taa ya sebuleni ikawaka nyeupe kabisa, kisha ikafa, na chini ya meza nikasikia "tak", mara moja, taratibu, kama mtu aliyefyatua kidole.

Fundi wangu alifungua mfuniko wa kioo, taa zote za rangi zimelala, akatazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Pawa saplai ilikuwa imekufa na mazabodi nayo. Hilo si geni, vitu hufa. Lakini pawa saplai ilikuwa na umbo lake peke yake, nyembamba na ndefu, na plagi yake haikufika pini 24. Mashimo ya skrubu ya mazabodi hayakulingana na kasha jingine lolote. Hata waya wa kitufe cha kuwashia ulikuwa na plagi ambayo haina ndugu. "Hii ni kanzu iliyoshonwa juu ya mwili wa mtu," akasema. "Mwingine hawezi kuazima." Garantii ilikuwa ya mwaka mmoja, ya Dubai, na imekwisha zamani.

Nikamwuliza kama tunaweza angalau kuokoa prosesa tukanunua mazabodi ya kawaida. Ilikuwa Core i5 ya kizazi cha 11, nzima kabisa. Tulizunguka naye maduka sita. Intel walitumia soketi ile, tundu la kukalishia prosesa, kwa vizazi viwili tu, cha 10 na cha 11, kisha mwisho wa 2021 wakahamia soketi nyingine. Madukani zilikuwa zimejaa bodi za soketi mpya na bodi za AMD, na ile yangu moja tu ilipatikana, mtumba, pini zake zimepinda kama meno ya mbuzi. Prosesa niliiuza kwa hela ya chakula cha mchana cha watu wachache. Kilichosalia ni kadi ya RTX 3060. Kasha lenyewe lipo hadi leo. Mama ameweka juu yake chungu cha mrehani.

Basi hapo ndipo niliposhika la kwangu, na ndilo nililotaka kumwambia mpwa wangu tangu mwanzo. Katika mji huu swali la kwanza ni siku itakapokufa, je, spea yake iko mjini? Maana itakufa. Umeme wetu, vumbi letu jekundu, sisimizi wanaopenda joto la transfoma, kitu kimoja kati ya hivyo kitaifikia. Anayeishi mahali ambapo kampuni inatuma spea mlangoni kesho yake anaweza kutojali umbo la pawa saplai. Mimi nikiwa Makindye nataka kitu ambacho fundi wa ghorofa ya pili anaweza kukitoa na kukirudisha kabla chai yake haijapoa.

Ya tatu niliiunga mwenyewe, 2024, kwa awamu, mwisho wa mwezi hadi mwisho wa mwezi. Nilichagua prosesa ya AMD ya soketi AM4 kwa sababu ya ule uchungu wa soketi. AM4 ilianza kubeba Ryzen 2017, na mwaka 2024 bado AMD walikuwa wanatoa prosesa mpya za kuingia humohumo. Ryzen 5 5600 nililipa 450,000, bodi ya B550 420,000, pawa saplai mpya ya wati 650 320,000, kasha 250,000, SSD (diski ya kuhifadhia) ya TB moja 280,000, RAM GB 16 kwa vijiti viwili 200,000. Kadi nilikuwa nayo. Jumla milioni 1.92, bila kuhesabu boda na rolex, zile chapati za mayai, nilizokula nikisubiri watu "wanaokuja sasa hivi".

Wanaosifu kununua kwa awamu hawasemi jambo moja. RAM niliinunua Januari, na siku ya kuiwasha ilikuwa Mei. Ingekuwa mbovu, ningemwambia nani? Duka lilinipa wiki moja ya kurudisha. Kwa miezi minne nilikuwa na vitu vya karibu milioni mbili kabatini, vyote vipya, na sikuwa na uhakika na hata kimoja. Ningerudia leo, ningeweka pesa mpaka zitimie, ninunue vyote siku moja, niunge usiku huohuo.

Na huo usiku wa kuunga! Nilitandika shuka mezani, nikapanga skrubu kwenye visahani vya chai. Kuiweka prosesa hakuna kazi, unainua mkono wa soketi, unalinganisha pembetatu ya dhahabu, inashuka yenyewe bila kusukumwa. Dawa ya joto ya kupaka kati ya prosesa na feni, kiasi cha punje ya mbaazi. Kinachotisha ni plagi ya pini 24, kwa sababu inataka nguvu, bodi inapinda kidogo, na wewe unaisikia milioni mbili ikilia. Nikawasha. Feni zikazunguka zote, taa zikawaka, skrini nyeusi. Nikatoa RAM nikarudisha, nikatoa kadi nikarudisha, nikazima, nikasali rakaa mbili, nikawasha, nyeusi. Saa nane usiku nilimulika kwa tochi ya simu kwenye kona ya juu ya bodi nikaona tundu la pini nane limekaa tupu. Ni umeme wa prosesa. Nilikuwa nimewapa umeme wote isipokuwa ubongo.

Tangu hapo haijanisumbua ila kwa jambo moja, nalo halikuwa kosa lake. Nilikuwa nimenunua UPS (betri ya dharura) ya bei rahisi ili yale ya Aprili yasijirudie, na kila umeme ukikatika, UPS inalia vizuri na kompyuta inazimika vilevile. Fundi alinieleza. UPS nyingi za bei ya chini zinapokuwa kwenye betri hutoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na pawa saplai nzuri za siku hizi, zenye saketi inayorekebisha jinsi zinavyovuta umeme, huweza kuukataa. Nikabadilisha nikachukua ya wimbi laini. Rahisi ghali, kama wasemavyo, na mimi nimelisema hilo mara nyingi kwa watu wengine. Gharama ya kuiendesha si ya kutisha: nikicheza inavuta kama wati 350 pamoja na skrini, saa nne ni yuniti 1.4, na Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiwa kama shilingi 750 kwa yuniti, hiyo ni elfu moja na kitu kwa jioni. Bando la kushusha gemu ndilo linalofilisi.

Kwa historia hiyo mngetarajia nimwambie mpwa wangu tuunge. Na ndivyo nilivyokuwa nimekusudia, mpaka nilipokwenda mjini kuuliza bei.

Kuanzia mwisho wa 2025 RAM imekuwa kitu cha kuuliza kwa sauti ya chini. Viwanda vya chipu vimegeukia vituo vya data vya akili bandia, ambako kuna pesa kubwa zaidi, na Desemba 2025 Micron walitangaza kwamba wanaacha kuwauzia watu wa kawaida kwa jina lao la Crucial. Duka nililonunua kwa 200,000 liliniomba zaidi ya mara mbili kwa vijiti vilevile. Nikiwa naandika orodha kwenye kikaratasi, jumla ya vipande vya kompyuta ya wastani ilifika milioni 3.4, bila UPS.

Mpwa wangu mwenyewe alikuwa ameona boksi la ofisini kama lile langu la 2019, kwa bei nzuri, na akanitumia picha. Nikamkataza mara moja. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yeye na wenzake wanacheza Valorant, ambayo ukiwa juu ya Windows 11 inakudai TPM hiyo pamoja na Secure Boot, ulinzi wa wakati kompyuta inapowaka. Angenunua kompyuta ya kumtoa kwenye kundi la rafiki zake.

Halafu tukakuta duka moja la mjini ambalo linaunga lenyewe na kuuza zikiwa tayari. Moja ilikuwa na Ryzen 5 5600, RTX 3050 ya GB 8, SSD ya GB 500 na RAM GB 16. Milioni 3.1. Walikuwa wamenunua RAM kabla ya mfumuko, nadhani, au hawajaamka bado. Mpwa wangu, aliyekuja na taksi ya asubuhi kutoka Jinja, aling'ang'ania ubavu wa kioo kama mtoto dirishani.

"Tufungulie," nikamwambia muuzaji.

"Mzee, ukifungua garantii imekwisha."

"Sifungui mimi. Fungua wewe."

Akacheka, akafungua. Nikamwonyesha mpwa wangu plagi pana ya bodi, nikamwambia hesabu. Akahesabu kwa kidole, safu mbili za kumi na mbili. Bodi ilikaa kwenye skrubu za mahali pake pa kawaida. Pawa saplai ya wati 550, jina lake linajulikana, ina cheti cha 80 Plus, cha kutopoteza umeme mwingi, na waya wa pini nane wa akiba. RAM, kama nilivyotarajia, kijiti kimoja, na tundu la pili liko wazi linasubiri siku bei zitakapopata akili. Nilipoinua kichwa sikumwona kijana. Alikuwa ameinama nyuma ya kasha na tochi ya simu, anapapasa karibu na tundu la umeme.

"Unatafuta nini mjomba?"

"Kile kiswichi chekundu."

Hakikuwapo, pawa saplai za aina hiyo zinajipanga zenyewe kwa volti yoyote kati ya 100 na 240. Lakini mimi sikuwahi kumsimulia. Mama yake ndiye aliyemsimulia, na nilipata hisia kwamba kisa kile huko Jinja kinasimuliwa mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Tulilipa. Shilingi 400,000 zilizosalia nilimlazimisha aongezee kidogo anunue UPS ya wimbi laini badala ya kiti cha gemu alichokuwa anakitaka. Kadi tuliitoa kwenye bodi kwa ajili ya safari, tukaifunga ndani ya shuka la mama, kwa sababu kadi nzito kwenye barabara ya Jinja inaweza kuvunja tundu lake kabla hujafika Mukono. Aliipakata njia nzima.

Usiku ule saa nne nikapokea picha. Kasha limelala mezani, ubavu uko wazi, kadi imerudi mahali pake, skrubu zimepangwa kwenye kisahani cha chai. Hakuandika neno. Dakika moja baadaye ukaja ujumbe wa dada yangu, wa sauti, na safari hii hapakuwa na salamu: "Kaka, kitu kipya cha milioni tatu, hata siku hakijalala humu ndani, mbona umemfundisha mwanangu kukivunja?"